Mahindi ya Bt na Udongo: Swali Halimo Katika Jeni Peke Yake

Oktoba 2022, Kenya iliondoa marufuku ya vyakula vilivyobadilishwa vinasaba (GMO), iliyokuwa imedumu tangu Novemba 2012, na kuruhusu pia kilimo chake. Mjadala uliofuata ulielemea afya ya mlaji na umiliki wa mbegu, na udongo, ambao ungezipokea mbegu hizo kabla ya mtu yeyote kuonja ugali wake, ukatajwa kwa nadra.

Wanaouonea udongo wasiwasi wana msingi. Mahindi ya Bt yametiwa jeni ya Bacillus thuringiensis, bakteria anayeishi udongoni, ili mmea wenyewe utengeneze protini inayomuua kiwavi atoboaye mabua. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walionesha kwamba protini hiyo huvuja pia kupitia mizizi, na kwamba ikishajishikiza kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi huchelewa kuoza huku ikihifadhi nguvu yake ya kuua wadudu. Aliyesikia hayo ana haki ya kuuliza hatima ya nyungunyungu.

Hata hivyo, kuwapo kwa sumu hakumaanishi kuwapo kwa madhara. Protini hiyo hufanya kazi inapokutana na vipokezi maalumu vilivyomo katika utumbo wa viwavi. Ndiyo maana maabara ile ile, ilipochunguza nyungunyungu, bakteria na kuvu katika udongo wenye protini hiyo, haikuona tofauti ya maana. Majaribio ya mashambani barani Ulaya nayo yalionesha kwamba tofauti zinazoletwa na msimu au aina ya udongo kwa kawaida huzidi zile zinazoletwa na Bt. Tena, mkulima anayenyunyizia dawa ya wadudu badala ya kupanda Bt mara nyingi huangushia udongo wake sumu isiyochagua wa kumuua. Ninachosita ni kuyahamisha matokeo ya Ulaya moja kwa moja hadi kwetu, ambako mabua mara nyingi hulishwa ng'ombe au huchomwa badala ya kuachwa yaoze shambani.

Jambo zito zaidi liko kwenye jeni ya aina nyingine, ile inayouwezesha mmea kustahimili glaifoseti, dawa ya kuua magugu. Soya ya namna hiyo iliingia mashambani Marekani na Argentina mwaka 1996, na watetezi wake wanasema kweli wanapoeleza kwamba iliwarahisishia wakulima kupanda bila kutifua ardhi, hivyo kupunguza mmomonyoko. Lakini kutegemea dawa moja mwaka baada ya mwaka kulizaa magugu sugu, na baadhi ya wakulima wa Marekani wakalazimika kurudia plau, wakapoteza sehemu ya faida ile ile waliyokuwa wameipata.

Kwa mkulima mdogo wa Afrika Mashariki kuna hasara ya karibu zaidi: anayechanganya mahindi na maharage hawezi kunyunyizia glaifoseti juu ya shamba zima bila kuyaua maharage, na maharage ndiyo yanayosaidia kuingiza nitrojeni udongoni. Mahindi ya Bt yasiyo na jeni ya kustahimili dawa hayamlazimishi kuacha kilimo hicho mseto. Kuzihukumu mbegu hizi mbili kwa jina moja la GMO, iwe kwa kuzisifu au kuzilaani, ni kuficha tofauti ambayo udongo wenyewe unaiona.

Ulinganisho nao una kasoro. Bt hupimwa dhidi ya mahindi ya kawaida au yaliyonyunyiziwa dawa, ilhali magharibi mwa Kenya kuna mfumo wa sukuma-vuta ulioendelezwa na kituo cha utafiti cha ICIPE tangu miaka ya 1990: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi humfukuza nondo anayezaa viwavi hao, na nyasi za nepia pembezoni humvuta. Desmodiamu hufunika ardhi, huongeza nitrojeni na hudhibiti kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kazi ambazo Bt haikuundwa kuzifanya. Mfumo huo unadai mbegu zisizopatikana kila duka na nguvukazi nyingi mwaka wa kwanza, na humfaa zaidi mwenye mifugo ya kula malisho hayo. Basi gharama hizo zihesabiwe pia, kwenye jedwali moja na bei ya mbegu ya Bt.