Kufuli la Changuu

Watu wakirudi kutoka Changuu, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar, husimulia ukubwa wa kobe wa huko. Mimi nimerudi nikiwaza kufuli.

Boti kutoka Mji Mkongwe haikuchukua hata nusu saa. Tulipoingia kwa kobe nilipewa fungu la mchicha, nikachutama mbele ya kikongwe mmoja aliyeandikwa umri wake gambani kwa rangi. Nilipomkuna shingo, akainyoosha, akainuka kwa miguu yote minne, akatulia tuli. Ngozi yake ngumu, imekunjamana kama kiganja cha mvuvi. Kila akishusha pumzi unaisikia.

Asili yao ni Aldabra, Shelisheli. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko. Wakazaana hadi kufika 200 hivi mwaka 1955. Kisha wakaanza kuibwa. Wengine waliuzwa nje, wengine waliliwa, na kufikia 1996 walibaki 7. Saba! Mwaka huohuo wakaletwa watoto wa kobe 80 ili watunzwe, na 40 kati yao wakatoweka. Ndipo Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kutetea wanyama, ikajenga uzio.

Wapo wanaosema kobe hastahili kufungiwa. Huruma yao naielewa, lakini sikubaliani nao. Dume mkubwa hupita kilo 200. Kumwiba kunataka wanaume kadhaa na chombo cha kumbebea. Mtoto wake anaingia mfukoni mwa suruali. Tena huchukua miaka 20 na zaidi mpaka akomae, kwa hiyo anayeondoka na kitoto leo ameondoka na kizazi kizima. Ndiyo maana nilisimama muda mrefu penye banda la watoto, wanatafuna mchicha wao, na mlango umefungwa kwa kufuli. Sijaona kitu kizuri zaidi kisiwani.

Kilichoniudhi ni baba aliyempandisha mwanawe juu ya gamba apate picha. Mhudumu alimzuia kwa upole, nami nilimshukuru kijana yule kwa dhati. Azuie kila mara, hata kama mgeni atanuna.

Na langoni ningependa pawekwe ubao, kila mwaka uandikwe: waliozaliwa, waliokufa, waliopo. Kobe 200 walipungua hadi 7 huku wengi wetu hapa Unguja hatuna habari.