Nimegeuzwa Stika na Bado Nadaiwa Mchango

Leo nimeamka vizuri tu, nimepiga mswaki, nikafungua simu niangalie kama kuna msamaria kanirushia hela (hajawahi kutokea, ila naangaliaga), nikaingia grupu la harusi ya mtoto wa jirani. Mhasibu kauliza nani hajamalizia mchango. Namba moja isiyo na jina, mtu hata simjui, kajibu kwa stika. Stika yenyewe ni mimi. Mimi na kitambi changu, nimebebwa mgongoni na kijana katikati ya mto, mguu mmoja una kiatu mwingine hauna, mdomo wazi, mkono mmoja nimemshikia simu sikioni. Chini wameandika NAMALIZIA JUMATATU.

Sasa ieleweke, mimi ni mjumbe. Mtu akitaka barua ya utambulisho anaanzia kwangu. Mke na mume wakirushiana masufuria saa nane usiku mlango unaogongwa ni wangu, navaa koti juu ya msuli, natoka, nasuluhisha, narudi kulala. Miaka kumi na moja ya heshima, imeondoka na stika ya kb chache. Jana muuza chipsi kaniuliza "mzee wa kivuko, tuweke na yai?" na nikajibu weka, ndo ujue nimefika wapi.

Chanzo ni Mangi. Mangi ana duka la spea hapa Mbagala na mtu mwenye duka la spea usimsikilize akikushauri barabara, maana kila shimo kwake ni mteja. Siku hiyo tumekaa kwenye kahawa akasema wakuu kila siku Mbagala Kariakoo, Kariakoo Mbagala, hizi pikipiki zetu zinadhani dunia inaishia Mtoni kwa Aziz Ali. Ostadhi akadakia kwamba ana shamba la ufuta Liwale hajaliona tangu mwaka juzi. Fundi Redio hakusema kitu, Fundi Redio huwa hasemi, anarekodi. Mimi nikauliza swali moja tu kama kiongozi, barabara ikoje? Mangi akasema imechongwa.

Imechongwa! Huko tulikokuwa tunaenda ndiko wazee wa 1905 walikunywa maji wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji, na mimi shuleni nilikuwa nawacheka. Kumbe wao angalau walipewa dawa. Mi nimepewa neno moja na kahawa ya mia mbili nikaamini.

Mpaka Nangurukuru sina malalamiko makubwa, ni lami, kilomita karibu 300, ukiacha kiuno ambacho kilianza kunitumia taarifa tukiwa Ikwiriri. Daraja la Mkapa tukasimama kupiga picha, Ostadhi akatuhutubia nusu saa jinsi walivyokuwa wanalala Ndundu kusubiri pantoni kabla daraja halijafunguliwa 2003, siku mbili siku tatu, watu wanapika kabisa, anasimulia kwa raha kama mtu anayekumbuka fungate. Somanga tukapita pale mvua na kimbunga Hidaya walipoikata barabara Mei 2024, nikaangalia pembeni nikasema moyoni kama lami ilikatika kama mkate, hiyo iliyochongwa itakuwaje. Sikusema kwa sauti. Ningesema.

Nangurukuru unakata kulia, Liwale kilomita 230. Lami inaisha pale pale kama mtu aliyekumbuka kitu akarudi nyumbani. Kwanza changarawe, changarawe siyo mbaya, ukiwa na kilo tisini na mbili inakutuliza. Afu mchanga. Afu ule udongo mweusi wa mbugani ambao ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka madigadi inajaa na gurudumu linagoma kuzunguka, unashuka unachokonoa na kijiti, unatembea mita hamsini unachokonoa tena, mita hamsini nyingine, yaani nimechokonoa udongo siku ile kuliko nilivyochokonoa meno maisha yangu yote. Mbung'o wanapita kwenye jinzi kama halipo. Mafuta tuliuziwa kwenye chupa ya maji, pikipiki ya Fundi Redio ilipoyaonja ikaanza kukohoa na kunuka jiko la mchina. Pancha mbili, zote mimi.

Sasa mto.

Jina sikuuliza, nilikuwa sina hali ya kujuana na mtu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi fulani ya kiofisi, hayana haraka lakini hayasimami. Vijana kama kumi wamekaa chini ya mti wanatungoja kama walikuwa na ratiba yetu. Bei iko wazi: pikipiki elfu kumi, wanne wanapitisha mti wanaibeba begani, mtu elfu tatu, begi elfu moja. Kijana mmoja mpana mpana akanifuata mimi. "Mzee wewe elfu tano." Nikamuuliza kwanini wenzangu elfu tatu na mimi tano? Akanitazama kuanzia juu, akafika tumboni akatulia kidogo, akainamisha kichwa kwa adabu zote akasema, "Shikamoo mzee wangu."

Nikalipa. Ningefanyaje?

Mangi na Ostadhi walikunja suruali wakavuka kwa miguu. Mi nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi, msiniulize kwanini, mjumbe hawezi kuingia wilaya ya watu na kandambili. Fundi Redio akauliza kama kuna mamba, ndo mara yake ya kwanza kuongea tangu Kibiti, kijana akajibu "wapo, ila wa kawaida tu." Nikapanda mgongoni. Mara ya mwisho kubebwa vile nilikuwa na surua.

Tunakwenda vizuri, maji magotini, maji mapajani, tumefika katikati kabisa simu ikaanza kulia mfukoni kwake. Ujumbe wa kwanza, wa pili, wa tano, afu ikaita. Kijana akasimama.

"Mzee nisaidie kupokea, ipo mfuko wa shati."

"Tufike kwanza mwanangu."

"Mtandao unashika hapa tu mzee. Ng'ambo zote mbili hamna."

Jamani. Nchi nzima hii, na milima yake na minara yake, mtandao umechagua kukaa katikati ya mto. Yeye mikono yote miwili imeshika miguu yangu, kwahiyo nikazamisha mkono mfukoni kwa mwanaume mwenzangu, nikatoa simu, kioo kimepasuka kama ramani, nikabonyeza, nikamuwekea sikioni. Kumbe ile spika ya sikio ilishakufa, simu inaongea kwa sauti ya nje tu, na sauti ya nje juu ya maji inasafiri, yaani kule ng'ambo walikuwa wanasikia vizuri kuliko sisi.

"Baba Shaibu uko wapi?"

"Niko kazini."

"Kazini gani, nasikia maji."

"Si ndo kazi yangu maji?"

Mama akashusha. Hela ya kikoba mwisho leo saa kumi, wiki iliyopita alimsingizia mvua, wiki ya juzi alimsingizia msiba, leo wenzake wamekaa wanamwangalia machoni. Kijana akaapa kwamba tangu asubuhi hajapita mtu hata mmoja, mia mbovu hana. Anaapa hivo na mi nipo juu yake, kilo tisini na mbili za mteja aliyeshalipa.

"Na huyo anayehema ni nani?"

Nilikuwa nahema kweli, si ndo nimewaza wale mamba wa kawaida.

"Huyo... mzigo."

"Mzigo unahema?"

Hapo uongozi ukanipanda, kosa langu mwenyewe. Nikajisogeza kwenye simu nikasema hujambo mama, mimi mjumbe, nimetokea Mbagala. Mama yule sauti ikabadilika papo hapo. "Shikamoo baba. Afadhali Mungu kaleta mtu mzima. Hebu baba, we mwenyewe sema ukweli, kakutoza shilingi ngapi?"

Kimya. Vijana waliobeba pikipiki ya Ostadhi wakasimama nayo hivo hivo begani, wanasikiliza. Na chini ya paja langu la kushoto nikasikia kidole kimoja kinalegea. Kisha cha pili. Mi nimesuluhisha ndoa nyingi jamani, ila nyumbani kwangu, nimekaa kwenye kiti, sijawahi kusuluhisha nikiwa nimepakatwa na mtuhumiwa. Nikasema mama, masuala ya hela tumwachie mwenye nyumba wako, la msingi ni maelewano.

"Aa baba. Mjumbe gani anaficha?"

Na hapo ndipo Mangi, Mangi ambaye nilimsimamia kwenye posa, Mangi ambaye anakula pilau kwangu kila Idi, akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Elfu tano shemeji! Na pikipiki nne, kila moja elfu kumi!"

"Arobaini na tano?!" Mama hesabu anajua.

Kijana akageuka kumtazama Mangi. Akageuka ghafla, kwenye tope, na mi juu, kiatu changu cha kulia kikachomoka kikaenda zake, bila kuaga, kuelekea baharini. Fundi Redio anasema picha ni ya sekunde ile. Kijana akatulia, akavuta pumzi, akaniambia kwa upole mkubwa, "Samahani mzee wangu, nakushusha kidogo, nataka niongee na simu vizuri." Na akanishusha. Akaniweka kwenye maji kama mtu anavyoweka ndoo. Kitovuni hapa. Akachukua simu yake akabaki pale kwenye mtandao anajieleza, kwamba ile hela wanagawana kumi, kwamba mti wenyewe wa kubebea wamekodi, na mi nikatembea mwenyewe na kiatu kimoja, napapasa kila hatua, kila kijiti kikinigusa naona ndo yule wa kawaida.

Nikafika ng'ambo nikadai chenji. Nimebebwa nusu, nimelipa yote, haki ni elfu mbili mia tano inarudi. Mkubwa wao akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "mzee, katikati kushushwa siyo safari, ni huduma kwa mteja," nikasema huduma gani, akasema "si umeoga?" Watu wakacheka mpaka aliyeshika mti akauachia, tanki la Ostadhi likabonyea. Hilo lilinipoza kidogo, kusema kweli.

Jioni tukiwa tumekaa pembeni tunachokonoa udongo kwa mara ya sijui ngapi, ikatupita pikipiki moja inaelekea kule tulikotoka, dereva, nyuma yake dada amefunga mtoto kwa kanga anaungua homa, nyuma yake tena bibi kashika drip juu kwa mkono. Mishikaki, kwenye ule udongo, giza linaingia, wanaufuata ule ule mto. Mangi alikuwa katikati ya kuigiza nilivyoshushwa, akanyamaza. Sisi tulikuwa tumekuja kutembea! Tumeaga kabisa nyumbani, tumebeba na karanga! Na huyu mama saa hizi anatafuta elfu tatu ya kubebwa, na elfu tatu ya bibi, na ya mtoto sijui wanahesabu begi au mtu. Imechongwa. Aliyeichonga aje nimbebe mgongoni mimi.

Liwale tuliingia saa nne usiku. Mji mzuri, wali kuku, nililala kama gogo. Shamba la ufuta la Ostadhi lilikuwa la mtu mwingine, hiyo ni kesi yao naomba nisiingizwe. Nilinunua korosho mbichi kilo tatu, mama watoto akauliza umeenda kilomita mia tano kuleta korosho na Mbagala zinauzwa kwenye mataa? Sikujibu. Nilikuwa natafuta namna ya kuelezea kiatu.

Sasa baada ya ile stika, kabla sijamaliza hata chai, ujumbe mwingine, Mangi huyo kwenye grupu letu: wakuu safari ya pili Jumamosi ya wiki ijayo, mchango laki na nusu, this time tunapitia Kipatimu, barabara nimeulizia. Nikaandika aya nzima nikaifuta. Nikasema bora niangalie kama hata vifaa ninavyo, nikaenda uani kwenye elementi yangu, ile kofia ya pikipiki, nikakuta kuku wa mama watoto kataga humo ndani mayai saba, kalalia, ananitazama kwa lile jicho la upande. Kuku anaatamia siku ishirini na moja, na huyu kaanza majuzi. Nikampiga picha nikamtuma kwenye grupu, nikaandika samahani wakuu, elementi ina wapangaji.

Nikajua imeisha. Mara hodi, mlangoni jirani, yule yule wa harusi ya mtoto. Nikadhani kaja na mchango wa harusi, nikaanza kujikohoza. Kumbe kaiona picha ya mayai, Fundi Redio kaishairusha kote. Anasema kwenye mtaa huu mwenye jogoo ni yeye peke yake, kwahiyo vile vifaranga nusu ni vyake, na kama nabisha twende kwa mjumbe.