Jiwe jeusi la kwetu, jiwe jeupe la ukweni

Nimezaliwa kwenye jiwe jeusi, nikaoa kwenye jiwe jeupe. Kwetu ni mlimani Kilimanjaro, upande wa Machame, ambako ukichimba msingi wa banda la ng'ombe lazima mahali fulani jembe lilie na mtu atumwe kwa jirani kuazima nyundo. Ukweni ni Tanga mjini, kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, yenye kuta nene kiasi kwamba watoto wanalala dirishani mchana wa jua kali na hakuna anayewafukuza.

Miaka kadhaa iliyopita niliamua kumfurahisha mama mkwe. Ukuta wa uani ulikuwa umeanza kumwaga unga. Ukiuegemea unaondoka na mgongo mweupe. Nikaleta fundi, akaugongagonga kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hapa mifuko sita ya saruji, lipu safi, rangi juu, umemaliza." Nikatoa hela. Ukuta ukanyooka, ukang'aa, na mama mkwe akanishukuru kwa adabu zote za Kitanga. Masika ya kwanza yakapita. Ya pili yakaacha michirizi ya chumvi karibu na sakafu. Baada ya ya tatu lipu ikavimba kama andazi, kisha usiku mmoja kipande kikubwa kama sinia kikadondoka. Asubuhi nilikigeuza. Nyuma yake kulikuwa na uso wa jiwe lenyewe, umebanduka nao. Saruji yangu ilikuwa imeuchuna ukuta ngozi.

Mama mkwe alinitazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, ukuta huu ulikuwa unatoka jasho. Nyie mkauvisha koti."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Linanyonya maji ya ardhini taratibu, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na maji hayo hubeba chumvi. Lipu ya chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo unyevu unatoka nje, chumvi inabaki kwenye lipu, lipu inachakaa, na baada ya miaka unaipiga upya. Lipu ndiyo inayokufa ili jiwe liishi. Ukiweka saruji, ambayo ni ngumu na nzito kuliko jiwe lililoko nyuma yake, unyevu unakwama, chumvi inaganda ndani, na chumvi ikiganda inatanuka. Hapo jiwe ndilo linaloanza kufa, huku lipu ikibaki nzima mkononi mwako kama mjinga aliyeshinda kesi.

Ndipo nikaanza kujiuliza kwa nini mtu kama mimi, niliyekua nikipanda na kushuka juu ya mawe, nilikuwa sijui lolote kuhusu mawe. Jibu langu ni kwamba tunayanunua kwa tripu. Tunauliza lori ni shilingi ngapi na litafika saa ngapi. Hatuulizi ni jiwe gani. Mchele tunauuliza ni wa Kyela au wa wapi, maharage tunayauliza yanaiva kwa muda gani, lakini kitu kitakachobeba vichwa vya watoto wetu kwa miaka hamsini tunakipokea kikiwa "mawe" tu.

Na kulijua jiwe si kazi ya maabara. Chukua msumari na ndimu. Kwangua jiwe kwa msumari: likiwa la chokaa, kama lile la matumbawe, litachunika na kuacha unga mweupe. Kamulia ndimu kwenye ule unga, utaona vipovu vidogo vinachemka. Hiyo ni hewa ya ukaa inatoka, kwa sababu jiwe la chokaa ni kalisi iliyoungana na hewa hiyo, na asidi inavunja ndoa yao. Sasa jaribu kwenye jiwe jeusi la kwetu. Msumari ndio utakaochunika, uache mstari wa chuma juu ya jiwe, na ndimu yako utakuwa umeipoteza bure.

Jiwe hilo jeusi, basalti, lilitoka ardhini likiwa uji wa moto wa nyuzi joto kama 1,100 hadi 1,200 za selsiasi. Lilipopoa upesi juu ya ardhi, chembe zake hazikupata muda wa kukua, ndiyo maana ukilipasua huoni punje bali weusi mmoja ulioshikana. Weusi huo unatokana na madini yenye chuma na magnesi. Pale ambapo hewa ilinaswa ndani kabla halijaganda, utakuta matundu kama ya mkate wa kumimina. Nikiri hapa kwamba si kila jiwe jeusi la Kilimanjaro ni basalti halisi. Vilele vyake vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo, kila kimoja kilimwaga uji wake, na wanajiolojia wana majina ya ukoo mzima wa mawe hayo. Fundi wa Moshi anayaita yote "mawe meusi", na kwa kazi ya msingi hajakosea sana.

Kwetu jiwe hili lilikuwa kila kitu. Bibi alikuwa na mafiga matatu meusi ambayo sijui aliyarithi kwa nani, na alikuwa na sheria: jiwe la mtoni halipelekwi motoni likiwa bichi, linakaa kihambani, yaani shambani kwetu kwa migomba, mpaka likauke. Niliielewa sheria hiyo siku tuliyokwenda na shemeji zangu kuchoma samaki ufukweni Tanga. Nikaokota mapande matatu ya matumbawe, nikainjika. Dakika chache yakaanza kupasuka na kuturushia vipande, maji yaliyofichama kwenye vitundu yalikuwa yanatafuta njia ya kutokea. Shemeji mdogo alicheka mpaka akakaa chini. "Mchaga huyu anataka kutuchomea chokaa!" Na kweli, mawe yale kwenye tanuri lenye moto wa kutosha yangeishia kuwa chokaa.

Basalti ndiyo kokoto unayoitaka chini ya lami na chini ya reli, kwa sababu haisagiki haraka magurudumu yakipita na hainyonyi maji mengi. Ndiyo unayoitaka kwenye msingi wa nyumba ya mlimani kunakonyesha. Ikioza, na inaoza kwa maelfu ya miaka, inageuka udongo mwekundu wenye rutuba unaobeba migomba na kahawa zetu. Lakini tusidanganyane, ina kiburi. Inavunja tindo. Mchonga mawe mmoja wa Moshi aliniambia jiwe jeusi "halina huruma na chuma", na nilipojaribu kupasua moja nilipata cheche nyingi na kipande kidogo kama karanga. Ni zito pia: mita moja ya ujazo ikiwa haina matundu inakaribia tani tatu. Ndiyo maana tunaliponda tu liwe kokoto, kisha tunaagiza vigae vya kung'aa kutoka ng'ambo tuvibandike varandani, ambako mvua ikinyesha wageni wanateleza kama wako kwenye barafu ya Kibo. Hili linaniudhi. Jiwe jeusi lililopasuliwa bapa halitelezi hivyo, na varanda ya mzee wangu ina zaidi ya miaka arobaini bila kubadilishwa hata pande moja.

Jiwe jeupe lina tabia nyingine. Halikuzaliwa na moto. Ni mifupa: matumbawe, makombe na viumbe wadogo wa baharini waliokufa wakalundikana wakagandamana. Yale ya pembezoni mwa pwani yetu ni miamba ya matumbawe iliyoachwa juu bahari iliposhuka, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Ya mapango ya Amboni ni ya zamani mno kuliko hayo, ya enzi za mijusi wakubwa, na mapango yenyewe ni ushahidi wa udhaifu wa jiwe hili: maji yenye asidi kidogo tu yamelila polepole mpaka likawa vyumba. Udhaifu huohuo uko kwenye birika la ukweni. Maji ya kisima yanapita kwenye jiwe, yanaliyeyusha kidogo, unayachemsha, na jiwe linajirudia ndani ya birika kama ganda jeupe. Mama mkwe hulitoa kwa ndimu. Hajasoma kemia, lakini ndimu anaijua.

Kwa kuwa ni laini, linachongeka. Wajenzi wa Kilwa walilijua hilo karne nyingi kabla yetu. Kwa ukuta wa kawaida walitumia mawe ya nchi kavu, na kwa kibla na urembo wa milango walitumia matumbawe yaliyotolewa baharini, ambayo yakiwa mabichi unayakata kama muhogo, kisha yakikaa hewani yanakuwa magumu. Ukienda Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, kwenye yale makaburi ya nguzo, pitisha kidole kwenye kingo zilizobaki. Mwashi yule alijua jiwe gani linakubali tindo ya namna gani. Sisemi turudi kuchimba matumbawe hai, la hasha, samaki watakaa wapi? Ninachokionea wivu ni ile akili ya kuchagua.

Kosa la kinyume nalo lipo. Nimeona watu pwani wakichanganya zege la nondo kwa mchanga wa ufukweni na vipande vya matumbawe kwa sababu ni vya bure. Chumvi iliyomo inakula nondo kimyakimya, nondo ikishika kutu inavimba, na zege linapasuka kutokea ndani. Kwenye ukuta wa chokaa usio na chuma, chumvi hiyo ungeishi nayo. Mtu anaokoa bei ya tripu mbili halafu anajenga upya nguzo nzima.

Sasa kuna jambo moja la haya mawe mawili ambalo kila nikilifikiria najikuta natabasamu peke yangu. Ukichoma kilo 100 za jiwe la chokaa safi unabaki na kilo 56 za chokaa. Zile 44 nyingine zimeondoka hewani kama hewa ya ukaa. Saruji inaanza hivyohivyo, jiwe la chokaa na udongo wa mfinyanzi kwenye tanuri la nyuzi 1,450 hivi, na zaidi ya nusu ya hewa chafu ya kazi hiyo inatoka kwenye jiwe lenyewe, wala si kwenye kuni au makaa. Huko Iceland, kisiwa ambacho sehemu yake kubwa ni basalti, kwenye kituo cha mvuke wa ardhini cha Hellisheiði, mwaka 2012 walianza kuyeyusha hewa ya ukaa kwenye maji na kuisukuma chini kwenye mwamba mweusi. Matokeo yaliyotangazwa 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya hewa ile iligeuka madini ndani ya miaka miwili. Madini gani? Ya ukoo wa jiwe la chokaa. Jiwe jeusi limemeza pumzi ya jiwe jeupe na kuigeuza tena kuwa jiwe jeupe. Mke wangu nilipomweleza aliniambia ndivyo ndoa zilivyo, nikaona ninyamaze.

Na mashimo tunayoyaacha? Kule Bamburi, Mombasa, walichimba mwamba wa matumbawe kwa ajili ya saruji kuanzia miaka ya 1950, wakabaki na jangwa jeupe lenye maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti humo. Mingi ilikufa, mivinje ikashika. Lakini majani yake hayakuwa yanaoza, mpaka alipoona jongoo wakiyala. Akawaleta jongoo kwa wingi, udongo ukaanza kujitengeneza, na leo ni msitu wenye viboko. Nasimulia hili kwa sababu nimechoka kuambiwa shimo la machimbo halina dawa. Dawa inaweza kuwa jongoo, mradi awepo mtu wa kuinama na kumtazama.

Turudi uani. Nilimtafuta mwashi mzee, mmoja wa wachache wanaojua chokaa ya zamani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaugusa ukuta kwa kiganja chote kama anayepima homa. Kazi ya kwanza ilikuwa kubandua saruji yangu iliyosalia, pole pole, kwa tindo ndogo. Kisha akaniagiza chokaa mbichi ya tanurini, ile ya mapande, akaitumbukiza kidogo kidogo kwenye pipa la maji. Ilikaa kimya kama sekunde kumi. Halafu ikaanza kupasuka na kutokota kama sufuria ya makande, mvuke ukapanda, na pipa likawa la moto hata huwezi kuligusa. "Sogea, na macho yako," aliniambia, "hii haina mchezo." Kulipotulia akafunika na gunia, juu yake akamimina maji ya kuifunika kabisa.

Nikauliza tunapiga lini lipu. Akanitazama kama fundi wangu wa kwanza angepaswa kutazamwa.

Pipa lina wiki ya tano sasa. Nilifunua juzi nikaingiza kijiti, uji umeshakuwa mzito kama siagi. Mzee amesema nisiliguse tena mpaka Idi ipite.