Antena ya waya Lubumbashi: kebo iungwe katikati au mwishoni?

Kwa wapenzi wa redio ya ridhaa wanaojitengenezea antena nyumbani, dipoli, yaani waya wenye urefu wa nusu ya wimbi la redio, uliogawanywa mara mbili na kuungwa kebo ya redio katikati, inazidi kuonekana kitu cha kizamani. Wengi wanauhamia waya mmoja unaoungwa kebo mwishoni kupitia transfoma ndogo, na sababu zao si za kupuuzwa. Waya wa mita 20 hivi uliokatwa kwa ajili ya MHz 7 hufanya kazi pia kwenye MHz 14, 21 na 28. Kinachohitajika ni mti upande mmoja na ukingo wa paa upande wa pili, bila kebo nzito kuning'inia katikati ya kiwanja.

Hata hivyo, ulinganisho huo husimama zaidi kwenye idadi ya bendi (mafungu ya masafa) na kipimo cha SWR, na hapo ndipo dipoli inapodhulumiwa. SWR huonyesha nguvu inayorudi redioni. Haielezi kama iliyobaki imekwenda hewani au imegeuka joto, wala haisemi lolote kuhusu kile antena inachosikia. Mjini Lubumbashi, kusikia ndiyo kazi ngumu. Kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara, nyumba nyingi zina paneli za sola, inveta, chaja na taa za LED za bei nafuu, na vifaa hivyo mara nyingi humwaga kelele kwenye masafa yetu. Waya unaoungwa mwishoni hauna nusu ya pili, hivyo mkondo usipotengenezewa njia ya kurudi hupita juu ya ganda la kebo (wavu wa chuma unaozunguka waya wa ndani) hadi chumbani. Kebo yenyewe inakuwa antena, tena antena iliyolala kando ya inveta. Nusu mbili za dipoli hulingana, na kebo ikizungushwa mara sita hadi kumi chini ya kiungo cha katikati, mkondo huo hupungua sana.

Tuhesabu hasara ya kelele hizo. Kila hatua ya S kwenye mita ya redio inayopima nguvu ya mawimbi yanayopokelewa ni dB (desibeli) 6, kwa hiyo kelele zikipanda kutoka S5 hadi S7 zimeongezeka dB 12, karibu mara 16 kwa nguvu. Mwenzako wa Kolwezi aliyekuwa akisikika vizuri kwa wati 100 angelazimika kurusha wati 1,600 ili umsikie vilevile. Hana redio ya namna hiyo, na hapaswi kuinunua kwa sababu ya chaja iliyo sebuleni kwako. Wanaoupinga waya wa mwishoni hupenda kutaja hasara ya transfoma, lakini iliyotengenezwa vizuri hupoteza dB 1 hivi, kiasi ambacho sikio halikitambui kwa urahisi.

Dipoli hulaumiwa pia kwamba ikining'inizwa chini ya mita 10 hurusha mawimbi ya MHz 7 juu angani. Ni kweli, na ndivyo yanavyorudi chini Likasi, Kolwezi, hata Lusaka. Kwa anayetafuta Ulaya kwenye MHz 14, urefu huohuo wa mita 10 unakaribia nusu wimbi na unatosha. Aongeze jozi ya nyaya za mita 5, mmoja kila upande, kwenye kiungo kilekile.

Kiungo chenyewe ni kipande cha bomba la plastiki chenye matundu. Waya ufungwe fundo kwanza ndipo ulehemiwe, ili lehemu isibebe uzito, na mdomo wa kebo uzibwe kwa silikoni kabla ya mvua za Novemba, kwani maji yakiingia huozesha nyuzi za ganda kimyakimya.

Mwenye nafasi finyu bado anaweza kuchagua waya wa mwishoni, mradi auwekee waya wa kurudishia mkondo wa mita 2 hivi na kizuizi, yaani kebo iliyozungushwa kama ile ya dipoli, karibu na transfoma. Atapata sehemu kubwa ya utulivu wa dipoli dhidi ya kelele. Lakini apime kiwanja kwanza. Dipoli ya MHz 7 iliyoinuliwa katikati kwa mlingoti wa mita 9, ncha zake zikiwa mita 3 juu ya ardhi, huchukua mita 16 tu, na hata pembe kwa pembe inakubalika. Ncha hizo zisishushwe zaidi, kwa sababu wakati wa kurusha, hapo ndipo volteji huwa kubwa kuliko kwingine kote, na watoto hucheza uani.