Zabibu ya Makutupora ilipwe kwa sukari

Msimu uliopita mnunuzi mmoja alifika shambani kwa mjomba, Hombolo, Dodoma. Akakamulia tone la zabibu kwenye kioo cha kipima sukari, akakielekeza juani, akachungulia, akatikisa kichwa. Sukari ndogo. Kreti zikabaki pale pale chini ya mti. Kwa jirani kipimo kikapita kiwango anachotaka, tena kwa mbali, na jirani akalipwa bei ile ile ya kilo inayolipwa kwa kila mtu. Hasira yangu haijaisha mpaka leo. Kama unakiamini kipimo kiasi cha kumkosesha mtu riziki, kwa nini usikiamini kumwongezea anayestahili?

Nazungumzia Makutupora Nyekundu, zabibu kuu ya mvinyo mwekundu wa Dodoma. Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi na huvunwa mara moja kwa mwaka. Kwetu haulali, na anayeuanzishia msimu ni mkulima na mkasi wake. Ukipogoa na kumwagilia, machipukizi yanatoka, maua yanafuata, na baada ya miezi minne hivi vichala viko tayari. Ndiyo maana tunavuna mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno ya wakati wa mvua ni ya kuhangaika na ukungu na dawa. Ya kiangazi ndiyo yenye utamu, kwa sababu jua ni kali, usiku una baridi, na maji anayashika mkulima mwenyewe.

Hayo maji ndiyo yanayoamua kila kitu. Punje zikishaanza kubadilika rangi, maji yanatakiwa yapunguzwe. Punje ikibaki ndogo, ganda linakuwa jingi zaidi ukililinganisha na maji yaliyomo ndani, na rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu vinatoka gandani. Sasa mwambie hayo mtu anayelipwa kwa kilo! Akifungulia maji siku za mwisho, punje zinavimba na mizani inapanda. Akisubiri zaidi ili sukari ikolee, punje zinapungua uzito, ndege wanashuka, na usiku inabidi alale shambani kuzuia wezi. Asubiri kwa faida ya nani? Mjomba alipiga hesabu sawasawa kabisa, kwa bei aliyowekewa.

Nakubali, wapo wanaovuna mbichi kwa sababu ada za shule hazingoji, na upo mvinyo wa Dodoma usionyweka. Wanaosema tung'oe tupande Syrah, zabibu nyekundu ya Ulaya inayolimwa nchi nyingi, nao nimewasikia. Syrah ipo Dodoma na inazaa, sina ugomvi nayo, ila ukiipanda unashindana na dunia nzima.

Wenzetu wa Afrika Kusini hawakukata tamaa mapema namna hiyo. Mwaka 1925 Abraham Perold, mtaalamu wa mizabibu, alichanganya zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut, ambayo kule waliiita Hermitage, akapata mbegu 4 tu. Mwaka 1959 ndipo mvinyo wa zabibu hiyo uliposhinda maonyesho ya mvinyo ya Cape, na mwaka 1961 jina Pinotage likaandikwa kwenye chupa kwa mara ya kwanza. Miaka 36! Watu waliilea zabibu yao muda wote huo, wakaitafutia udongo na namna ya kuipogoa, mpaka ikapata jina. Makutupora nayo inastahili kulelewa hivyo, na malezi yanaanzia kwenye bei.

Ninachotaka kinawezekana msimu huu huu. Iwepo bei ya chini kwa sukari ya kawaida, na nyongeza kwa kila kiwango kinachopanda. Kipimo kisomwe mbele ya mkulima, naye akishike achungulie mwenyewe. Na bei hizo zitangazwe kabla mvua hazijaisha, kwa sababu mvua zikikatika mikasi inaingia shambani, na anayepogoa anaamua hapo hapo abakize macho mangapi, yaani sehemu za kuchipulia, kwenye kila tawi, na hapo ndipo anapochagua vichala vingi vya maji au vichache vyenye sukari. Bei ikitangazwa Agosti, zabibu zimeshaiva kwa hesabu ya kilo.