Fundi wa mlango wa ghala: hayupo, au hakai?

Mlango wa ghala ukikwama saa mbili asubuhi pale Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, hakuna anayeuliza fundi ana cheti gani. Lori limesharudi kinyumenyume, dereva anapiga honi, meneja wa ghala yuko kwenye simu ya tatu. Mwenye kampuni ya milango ana mafundi wawili anaowaamini: mmoja yuko saiti Kibaha, mwingine kaacha kazi mwezi uliopita akaanzisha yake.

Wenye kampuni hizi ndogo wana wimbo mmoja: mafundi hakuna. Mafundi nao wana wao: tupo, ila hela hakuna. Nimekaa pande zote mbili, kwanza nikibeba reli begani, baadaye nikilipa mishahara, na sijaona upande unaodanganya.

Tuanze na bosi. Mafundi chuma jijini wamejaa. Anayechomelea mageti Vingunguti atakuundia geti la bomba skwea, nalo litadumu. Lakini mlango wa kiwandani unaopanda kwenye reli hadi chini ya paa ni jambo jingine. Uzito wake unabebwa na springi zilizosokotwa kwenye shafti juu ya mlango. Unazikaza kwa fimbo mbili za chuma, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku nguvu yote ikiwa mkononi mwako. Anayetumia bisibisi badala ya fimbo, ikimponyoka, anaweza kuondoka na jicho moja. Reli zinataka timazi na pimamaji. Ukikadiria kwa jicho, mlango utakwama. Halafu kuna umeme: kwenye mota ya fezi tatu, ukipishanisha nyaya za fezi mbili tu, unabonyeza kitufe cha kupanda na mlango unashuka.

VETA Chang'ombe, chuo cha ufundi stadi cha serikali, itakupa kijana wa kuchomelea na kijana wa umeme. Anayeyaweza yote mawili, anasoma mchoro uliokuja na kontena na haogopi kupanda juu, huyo utampika mwenyewe. Kwangu ilichukua kama mwaka. Akiiva, anachukuliwa, na mara nyingi si na mshindani bali na mteja. Kiwanda kikishaona kijana anaujua mlango wao, kinamtafutia nafasi kwenye kitengo chake cha matengenezo. Hilo linauma kuliko kuibiwa drili.

Sasa msikilize kijana. Analipwa kwa kutwa, saiti ikiisha anaambiwa "nitakupigia." Bei ya mlango anaijua, maana ankara ilipelekwa na yeye. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hajaandikishwa. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, hausikii habari zake, ingawa mchango wa mwajiri ni asilimia 0.5 tu ya mishahara, na hakuna kampuni iliyosamehewa kwa udogo wake. Mtu huyo yuko mita sita juu, kwenye ngazi aliyoifunga kwa kamba. Akiondoka, anaitwa msaliti. Kwa mkataba upi?

Wapo mabosi wanaomsainisha kijana kwamba akiondoka kabla ya miaka miwili atarudisha gharama za mafunzo. Nawaelewa, lakini kama mafunzo yenyewe yalikuwa kubeba reli na kutazama, utamdai kiasi gani? Wengine humfungia cheti chake kabatini. Hilo silitetei hata kidogo.

Lawama nyingine huangukia VETA, kwamba haifundishi milango. Hapa wenye kampuni wenzangu wanisamehe. Tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo sehemu yake huenda VETA na iliyoshushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara, hulipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Wengi wetu tuko chini ya hapo, na nafuu ya kutoilipa inatufaa. Ila kulalamika kwamba chungu tusichokichangia hakipiki chakula tunachokitaka kunahitaji uso mkavu kidogo. Kinachotufaa zaidi ni ule utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Bosi anahofu kwamba cheti kitamfungulia fundi mlango wa kutokea. Mimi naona viwanda vikubwa huanza kuuliza vyeti getini, na fundi asiye nacho anakukosesha kazi.

Lakini ninavyoona, shida yenyewe si ujuzi. Ufungaji ni kazi ya misimu. Mwezi huu maghala matatu, miezi miwili inayofuata hakuna hata kitasa, na mshahara wa kila mwezi hauwezi kusimama juu ya mapato ya namna hiyo. Kinachoweza kuubeba ni matengenezo. Springi nyingi za kawaida huhesabiwa mizunguko 10,000, kufungua na kufunga ikiwa mmoja. Ghala linalofungua mara 40 kwa siku linaimaliza kwa siku 250. Kwa hiyo kazi ipo. Tatizo ni kumshawishi mwenye ghala alipie mlango ambao bado unafunguka. Yeye anajua kulipa ukishakwama.

Kuna kipindi nilikuwa na mikataba minne ya matengenezo, nikawalipa vijana wawili kila tarehe 30, mlango mpya uwepo usiwepo. Mteja mmoja alipobana matumizi akakata wake, nikaanza tena kusema "nitakupigia." Mmoja wao hakusubiri simu.