Kichwa kitulie kwanza, au sigara iachwe kwanza?

"Mambo yakikaa sawa, nitaacha." Ndilo jibu utakalopewa ukimuuliza mvutaji wa sigara wa Mtwara au Lindi ataacha lini. Halisemwi kwa dharau. Anayelisema anaamini kwa dhati kwamba kwa sasa sigara ndiyo inayomshikilia, na kwamba siku madeni yakipungua, ugomvi wa nyumbani ukiisha na usingizi ukirudi, ataiweka chini bila taabu. Upande wa pili wako wahudumu wa afya, masheikh, mapadri na wake wa wavutaji, ambao kwa miaka wamekuwa wakisema jambo moja: acha, ni nia tu. Katikati ya pande hizi kuna swali ambalo huku kwetu Kusini hatulijadili vya kutosha. Mtu mwenye mawazo mazito atulizwe kichwa kwanza ndipo aache sigara, au aache sigara ili kichwa nacho kipate kutulia?

Msimamo wangu ni kwamba kumsubirisha ni kumdhuru, na kumwachia nia yake peke yake ni kumdhuru vilevile. Lakini wanaotaka asubiri wana hoja nzito, na si haki kuzipita juu juu.

Maisha ya mkulima wa korosho wa Newala, Tandahimba au Ruangwa yana kalenda yake ya mawazo. Katikati ya mwaka anahangaika na palizi, salfa ya kupulizia mikorosho na vibarua. Korosho zikianza kudondoka anaokota, anakausha, anapeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kisha anasubiri mnada. Aliyebanwa na ada ya shule au mgonjwa kabla ya hapo ameshauza kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya ushirika, kwa bei ya kutupa, na kila bei inapotangazwa anakumbushwa alichopoteza. Ni katika siku hizi za kungoja ambapo sigara huongezeka. Utawaona nje ya ghala siku ya mnada, watu wazima wenye mashamba yao, wakisubiri bei isomwe. Mmoja anawasha, anavuta mara tatu nne, anampasia aliye karibu naye, naye anamalizia mpaka moto unakaribia kucha. Hawaongei. Bei ikisomwa, iwe nzuri au mbaya, nyingine inawashwa.

Ukimwambia mtu huyo aache wiki hiyohiyo, unamwongezea nini? Dalili za kuacha nikotini zinajulikana: hasira za haraka, wasiwasi, huzuni, kukosa usingizi, akili kutoshika jambo, njaa isiyoisha. Zinaanza ndani ya siku moja, zinakuwa kali zaidi katika wiki ya kwanza, na kwa wengi zinapungua kati ya wiki ya pili na ya nne. Zisome tena dalili hizo na utaona zinafanana mno na za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mtu ambaye tayari halali anaambiwa aongeze usiku wa kutolala. Zaidi ya hapo, tafiti za nchi nyingi zimekuta kwamba wenye sonona, wasiwasi uliopitiliza au magonjwa mengine ya akili wanavuta kwa kiwango kikubwa kuliko wengine, mara nyingi karibu maradufu, na kwamba wanapojaribu kuacha wanarudi kwa urahisi zaidi. Hawapungukiwi hamu ya kuacha. Wanachobeba ni mzigo mzito zaidi. Kwa hiyo anayesema "mtulize kwanza" anazungumza kwa huruma, na ana ushahidi mkononi.

Hoja hiyo inakwama kwenye neno "kwanza". Huku mambo yanakaa sawa lini? Msimu wa 2018 minada ilivurugika, serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakakaa wakingoja fedha. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Kilwa, na mikoa hii miwili ikatengana na Dar es Salaam kwa njia hiyo ya gari. Mvuvi wa Msangamkuu ana pepo zake za baharini, mama ntilie wa Feri ana mikopo yake ya kikundi. Mwaka usio na jambo sijauona, na mvutaji anayesubiri mwaka huo atavuta hadi uzeeni, akifika.

Kuna kasoro nyingine iliyo ndani zaidi, nayo ni dhana kwamba sigara inatuliza. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 baada ya kuvuta, na ubongo hujipanga upya kuizoea. Baada ya saa mbili hivi kiasi kilichomo kwenye damu kimepungua nusu, na mvutaji anaanza kubanwa na arosto, yaani mwili kudai nikotini iliyopungua: mikono haitulii, neno dogo linamchoma, hesabu rahisi inamshinda. Anawasha, na papo hapo anatulia. Yeye anahesabu kwamba sigara imemwondolea mawazo ya deni. Kilichoondoka ni arosto iliyoachwa na sigara iliyotangulia, na deni liko palepale. Ukirudia hivyo mara kumi au ishirini kwa siku, kwa miaka, unapata mtu anayeapa kwa moyo safi kwamba bila sigara angechanganyikiwa. Bibi zetu wanaoweka ugoro mdomoni wanasema vivyo hivyo, na nikotini ni ileile.

Ramadhani inatuonyesha jambo hili wazi, kwa sababu kwenye pwani hii mwezi huo karibu kila mvutaji Mwislamu anakaa zaidi ya saa 13 bila sigara. Asubuhi anakwenda vizuri. Baada ya adhuhuri uso unakunjamana, wateja wanajibiwa kwa mkato, watoto wanajua wasimsogelee baba. Tunasema ni njaa. Lakini jirani yake asiyevuta amefunga saa zilezile, ana njaa na kiu ileile, na hana ukali ule. Ikiadhiniwa magharibi wapo wanaofungua kwa tende na wapo ambao tende ni ya kupitishia tu, mkono umeshashika kiberiti. Hapo ndipo penye jibu la swali ambalo wengi hujiuliza: kama mtu anaweza mwezi mzima mchana kutwa, kwa nini Idd ikipita anarudi palepale? Kwa sababu kila usiku, kuanzia futari hadi daku, ubongo unalishwa upya. Arosto inaanza kila siku na haiachwi hata siku moja imalizike. Amepata machungu yote ya kuacha, na nafuu yake hajaionja.

Nafuu hiyo ipo, na imepimwa. Mwaka 2021 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya na kuchuja tafiti za tiba, ulichapisha mapitio ya tafiti 102 zenye zaidi ya watu 169,000. Walioacha sigara na kufuatiliwa kwa angalau wiki sita walionekana kupungukiwa na wasiwasi, sonona na msongo wa mawazo kuliko walioendelea kuvuta, na hilo lilionekana pia kwa wenye magonjwa ya akili. Mapitio mengine, yaliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la BMJ, yalikuta ukubwa wa nafuu hiyo unalingana na ule wa dawa za sonona.

Hapa mtu makini atauliza: je, si kwamba walioacha ni wale ambao maisha yao yalikuwa yameanza kunyooka? Swali ni la haki. Sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifuatilia watu walioamua wenyewe kuacha, na Cochrane wenyewe hawakuuita ushahidi wote kuwa wa uhakika wa juu. Nisingemwahidi mtu kwamba akiacha sigara sonona yake itapona. Ninachoweza kumwambia bila kusita ni kwamba hofu kubwa, ile ya kuharibikiwa akili kwa kuacha, haikuthibitika. Hata dawa za kusaidia kuacha, ambazo nchini Marekani ziliwahi kubandikwa onyo kali kuhusu akili mwaka 2009, zilipimwa katika utafiti wa watu zaidi ya 8,000, karibu nusu yao wakiwa na historia ya ugonjwa wa akili. Matokeo yalitoka 2016: vareniklini na bupropioni hazikuongeza matatizo ya akili kwa kiasi cha kutisha ukilinganisha na vidonge visivyo na dawa ndani, na mwaka huohuo onyo lile likaondolewa.

Inafaa pia kujua nani aliyenufaika na imani kwamba mgonjwa wa akili anahitaji sigara yake. Nyaraka za ndani za kampuni za tumbaku za Marekani, zilizofichuliwa kupitia kesi za mahakamani, zinaonyesha zilifadhili tafiti za kuunga mkono wazo kwamba wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aone visivyokuwepo, wanajitibu kwa kuvuta. Wakati huohuo watu wenye magonjwa makubwa ya akili wanafariki mapema kwa miaka 10 hadi 20 kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni vya moyo, mapafu na saratani. Ninapoona ndugu akimpelekea mgonjwa wodini sigara "ili atulie", najua anafanya kwa mapenzi. Ndiyo maana inauma.

Kwa wagonjwa hao kuna jambo la kitabibu lisilotakiwa kusahaulika. Moshi wa sigara unalifanya ini livunje haraka baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, hasa klozapini na olanzapini. Mgonjwa akiacha ghafla, dawa inapanda kwenye damu hata kama anameza vidonge vilevile, na anaweza kulewa dawa. Kinachofanya hivyo ni moshi wenyewe, si nikotini, kwa hiyo hata akitumia kiraka cha nikotini, kile kinachobandikwa kwenye ngozi kutoa nikotini bila moshi, bado dozi inahitaji kuangaliwa. Aache, ila daktari wake ajue kabla.

Sasa niwageukie wanaotaka, kama mimi, mtu asisubiri, ila wao wanasema ni nia tu. Nia inahitajika. Lakini kiraka au jojo ya nikotini huongeza uwezekano wa kufanikiwa kwa takriban asilimia 50 hadi 60, na vitu hivi vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na ibara ya 14 ya mkataba huo inazitaka nchi zitoe msaada wa kuacha, ushauri na dawa. Ingia duka la dawa muhimu la Nanyamba au Nachingwea uulize kiraka cha nikotini, kisha uulize sigara ya rejareja kwenye genge la mlango wa pili, uone kipi kinapatikana. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu watu wazima 9 katika kila 100 nchini wanatumia tumbaku. Umati huo wote unaambiwa "jikaze".

Kinachoweza kufanyika kwa tulivyo navyo hakihitaji jengo jipya. Hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, zinaona wagonjwa wa akili, na zahanati zinaona kila mtu. Tatizo ni kwamba anayeuliza kuhusu usingizi haulizi kuhusu sigara, na anayeuliza kuhusu sigara haulizi kuhusu usingizi. Ningependa mwenye kikohozi cha muda mrefu pale zahanati aulizwe yote mawili kwa pamoja: "Mzee wangu, unavuta ngapi kwa siku? Na hizi wiki mbili zilizopita, moyo wako umekuwaje, kuna raha yoyote?" Ni mazungumzo ya dakika tatu. Yakionyesha huzuni nzito, ashauriwe kuhusu hiyo huzuni huku akipanga tarehe ya kuacha. Tafiti zinaonyesha kwamba ushauri wa kuacha unapochanganywa na ushauri wa kudhibiti huzuni, wenye sonona hufanikiwa zaidi kuliko wakipewa ule wa sigara peke yake.

Kuhusu tarehe, wanaotaka asubiri ningewapa nusu ya ombi lao. Asianze wiki ya mnada, wala wiki ya msiba. Mtu aliye katika hali ya kutaka kujidhuru atibiwe hiyo hali leo, sigara izungumzwe baadaye. Wengine wote wachague siku ndani ya mwezi mmoja, na isisogezwe. Kwa Mwislamu anayetaka kuitumia Ramadhani, nguvu ziwekwe usiku: mchana umeshashikwa na funga, ila baada ya tarawehe ndipo anapohitaji mtu wa kukaa naye mbali na kijiwe. Mkewe na watoto waambiwe mapema kwamba wiki ya kwanza atakuwa mkali, na kwamba ukali huo una mwisho.

Halafu afuatwe, kwa simu au na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, siku ya tatu, wiki ya kwanza, wiki ya pili na ya nne. Hasira za siku ya tatu ni arosto, zitapita. Huzuni inayovuka wiki ya nne bila kupungua ni jambo lingine, na mwenye nayo apelekwe Ligula au Sokoine akaonwe kama mgonjwa wa sonona, bila mtu yeyote kumrudishia sigara njiani.